Mbwa Aliyezuia Mbuzi Wasiuzwe

Nakumbuka siku ya soko pale Muyinga ambapo mbwa wa baba yangu alizuia mbuzi wasiuzwe. Idi ya kuchinja ilikuwa imekaribia, na baba, Mzee Rajabu, alikuwa ameleta mbuzi wake wazuri kuliko wote. Wateja walikuja, mbwa akasimama katikati, wateja wakaondoka. Mpaka alasiri mbuzi wetu wote walikuwa bado wetu, wamelala wanacheua, na mbwa amelala kati yao ametulia kama bibi harusi. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake tu.

Nitakueleza ilivyokuwa, mwanangu, usiwe na haraka. Lakini niache nianze na mjukuu wangu Rehema, maana ni yeye aliyenirudisha kwenye siku ile.

Rehema ni mtoto wa binti yangu Asha, Mungu amrehemu. Ameolewa Gasorwe na Issa, kijana mchapakazi, mwenye meno mazuri na maneno machache. Issa hununua mbuzi kule milimani Gashoho na kuwaswaga kwa miguu mpaka sokoni, kazi ileile ya baba yangu. Rehema anabaki nyumbani na mtoto mdogo na zizi la kondoo na mbuzi majike. Anawakatia majani, maana siku hizi mifugo haiachiwi kuzurura, inakula ikiwa zizini. Kila mmoja ana jina lake, na mimi ninayajua yote, kwa sababu kila tukiongea kwenye simu namuuliza habari za nyumbani na yeye ananitajia: Kibibi mzima, Malkia mzima, Sukari mzima, Mama Fujo anasumbua, na lile beberu wanaloliita Ministiri, yaani waziri, kwa sababu ya kitambi.

Juzi juzi akaja hapa kwangu Gitega, mtoto mgongoni, mfuko wa maharage mkononi. Alinikuta nashona kofia. Akakaa kwenye mkeka, akanyonyesha, akauliza habari za magoti yangu, akatoa simu. Mjomba wake Haruna, mwanangu wa mwisho, yuko Ubelgiji, anafanya kazi kwenye shamba la kondoo. Anarudi kutusalimia, na amesema anaweza kuja na mtoto wa mbwa mmoja. Mmoja tu, maana kumpandisha mbwa ndege si kama kubeba kuku kwenye basi. Shambani kwao kuna aina mbili ambazo hata huko kwa Wazungu hazionekani hovyo. Rehema achague.

Akanionyesha picha. Wa kwanza anaitwa Puli, mdogo, mweusi, nywele zimejisokota kama kamba mpaka hujui kichwa kiko wapi. Kazi yake ni kukimbia nyuma ya kondoo na kuwaleta pamoja. Wa pili anaitwa Komondori. Huyo ni mkubwa kama ndama, mweupe, naye ana kamba hizohizo. Yeye hakimbizi kondoo, anaishi nao na anawalinda. Mimi niliyesoma madrasa tu, tena kidogo, majina hayanipotei. Ila nilimwambia Rehema kwamba kwa udongo ule wa Gasorwe, wakati wa mvua yule mweupe atakuwa mwekundu kabla ya kumaliza wiki.

Hakucheka. Akaniambia, "Bibi, Issa anataka huyu mweusi. Anasema iko na akili, itamsaidia njiani na mbuzi wa soko. Mi nataka huyu mkubwa. Tumenuniana. Chakula anakula, asante anasema, lakini anaongea na ukuta."

"Na wewe?"

"Mi naongea na mbuzi." Akaivuta kanga yake begani. "Bon, we ndiye utakata maneno. Mjomba anataka jibu."

Nikazitazama tena zile picha, nikacheka mpaka nikaweka sindano chini. Nikamwambia hawa mimi nawajua. Si hawa wenyewe, lakini ni kama ndugu zao. Waliwahi kupita kwetu.

Basi, mwanangu, sikiliza nilichomweleza.

Nilipokuwa msichana, kule Gashoho kulikuwa na mzee wa Kizungu, Bwana Alifonsi, aliyefuga kondoo. Alipozeeka akaamua kurudi kwao. Kondoo aliuza, lakini mbwa wake wawili hakutaka kuwauza. Akawaita watu wawili aliowapenda. Mmoja alikuwa baba yangu, ambaye siku zote alinunua kwake madume. Mwingine alikuwa jirani yetu Sindayigaya, aliyekuwa akimkatia majani. Sisi tulimwita Baba Melaniya, kwa jina la binti yake wa kwanza, rafiki yangu. Bwana Alifonsi akawaambia kila mmoja achukue mbwa mmoja, wapatane wenyewe.

Mimi na Melaniya tulikwenda nao. Tulimwona yule mweusi, Fideli, anavyokusanya kondoo waliotawanyika kilima kizima na kuwabana kwenye kona, bila kumng'ata hata mmoja. Tukapiga makofi. Yule mweupe, Baroni, alikuwa amelala tu, na mwanakondoo amesimama juu ya mgongo wake kama yuko kwenye jiwe. Baba akauliza huyu kazi yake nini. Bwana Alifonsi akajibu kwamba tangu amlete pale, hakuna mtu aliyewahi kugusa kondoo wake.

Sasa tazama watu wazima walivyochagua. Baba yangu, mtu wa sokoni, alitazama kifua cha Baroni na kichwa chake, akajiona anaingia Muyinga na mnyama yule pembeni, watu wanampisha. Akasema huyu ndiye mbwa wa mfanyabiashara. Baba Melaniya alikuwa na kondoo wachache nyumbani, kila mmoja amefungwa mguu kwa kamba nyuma ya migomba, lakini alipenda kucheka, na aliona sisi watoto tulivyompigia Fideli makofi. Akamchukua Fideli. Wakapeana mikono, kila mmoja anaona amempunja mwenzake.

Sisi ni Waislamu, na mbwa kwetu ana mipaka yake. Bibi yangu Mwajuma, mama wa baba, ndiye aliyeipanga siku ileile. Baroni atakaa nje na mbuzi, mvua na jua. Atakuwa na chungu chake cha udongo, kisichochanganywa na vyombo vyetu. Atakayelambwa atajiosha kama tulivyofundishwa, kwa maji na mchanga, kabla hajagusa mkeka wa kuswalia. Majirani wakasema tunamdharau mbwa wa watu. Lakini ni Bibi Mwajuma mwenyewe aliyempikia kila asubuhi ugali laini na mifupa ya buchani. Alimwekea, akarudi nyuma hatua kadhaa, akashika kiuno, akamsalimia: Baroni, umeamkaje. Alimsalimia kama mtu anavyomsalimia mkwe anayemheshimu, kwa upole na kwa mbali. Na Baroni aliinamisha kichwa upande akasikiliza mpaka mwisho ndipo ale. Mimi nilijifunza pale kwamba unaweza kumpenda mtu sana na bado ukajua pa kusimama.

Shida ilianzia njiani. Baroni hakutaka mbuzi waharakishwe. Mbuzi akilala, na yeye analala. Baba akimchapa mbuzi kidogo, Baroni anamtazama baba kama mtu aliyemkuta akifanya jambo la aibu. Tukafika sokoni jua limepanda, tukakuta wenzetu wameshauza.

Halafu sasa hapo sokoni. Wewe unajua mbuzi anavyonunuliwa. Hakuna anayemnunua kwa macho. Mteja anampapasa mgongo aone mafuta, anamfungua mdomo aone meno, anamnyanyua mguu. Kila mkono ulionyooshwa, Baroni akajiweka katikati. Hakung'ata mtu. Alisimama tu, akaegemea miguu ya mteja na mwili wake wote, akanguruma kidogo, kama mzee anayekohoa mlangoni ili ujue yupo.

Mzee Saidi mchinjaji, aliyekuwa akinunua kwa baba miaka yote, akajaribu upande huu, akajaribu upande ule, akachoka. Akasema, "Rajabu, we unauza mbuzi ao unaonyesha?"

Mama mmoja muuza chumvi akadakia, "Mwacheni Rajabu. Mwenye mali ni huyo mweupe. Ongeeni na yeye."

Soko zima likacheka. Baba akacheka nao, lakini nilimwona. Mbuzi wale ndio waliokuwa chakula chetu cha miezi ya mvua. Baada ya Idi nani angewanunua? Tukarudi nao wote nyumbani, Baroni mbele, amefurahi. Kwa hesabu yake alikuwa amefanya kazi nzuri, hakuna aliyepotea.

Na usidhani kwa jirani kulikuwa na nafuu. Fideli hakuwa na cha kukusanya, maana kondoo wa Baba Melaniya walikuwa kwenye kamba. Basi akaanza na kuku. Akawabana nyuma ya jiko siku nzima, wakaacha kutaga. Akahamia kwa watoto. Melaniya akitumwa maji anarudishwa na mtungi mtupu. Halafu Jumapili moja kina mama wa kwaya wanashuka kutoka kanisani, wamevaa vizuri, wanaongea zao. Fideli akawazunguka, akawapeleka polepole mpaka kwenye kona ya shamba la kahawa, akalala mbele yao. Anayetoa mguu, Fideli ananyanyuka. Walikaa pale mpaka mwenye mbwa alipoitwa. Mwalimu wa kwaya, Mama Konsolata, hakumsalimia Baba Melaniya tena mpaka Pasaka.

Ungedhani wanaume wawili wale wangekaa chini waseme tulikosea, tubadilishane. Wapi. Baba alisema Baroni bado anajifunza. Baba Melaniya alisema Fideli anapenda mzaha. Kila mmoja alikuwa amejisifu sana mbele ya watu, na sasa sifa zile zilikuwa zimemkalia kooni.

Siku ile tuliporudi na mbuzi wote, mimi nilikuwa na hasira za kuchekwa. Nikasema mbele ya kila mtu kwamba mbwa huyu ni mjinga, heri afukuzwe. Bibi Mwajuma alikuwa anasafisha mchele. Akaweka ungo chini, akaniita karibu.

"Zaituni, mbwa hana kosa. Mlipokwenda Gashoho mliuliza anaweza nini. Hakuna aliyeuliza hawezi kuacha nini. Baroni hawezi kuacha kulinda, na kazi ya baba yako ni kuachia. Fideli hawezi kuacha kukusanya, na Baba Melaniya kila kitu chake amekifunga kamba. Sasa mjinga ni yupi hapo?"

Nikamuuliza mbona hamwambii baba. Akasema baba anajua, na jirani anajua. Kila mmoja anasubiri mwenzake atangulie, na wakisubiri hivyo Idi itapita. Akachukua ungo wake akaendelea.

Kulipokucha, maana Idi ikikaribia soko la mbuzi lilikuwa kila siku, akanituma niwatoe mbuzi wa soko nipite nao mbele ya boma la Baba Melaniya, baba atafuata nyuma. Bibi Mwajuma alikuwa na habari zake. Alikuwa ameshaambiwa na Mama Melaniya kwamba kondoo wao mmoja atazaa asubuhi ile. Tulipofika pale mwanakondoo alikuwa ameshaanguka kwenye majani, bado amelowa, analia. Baroni akasimama. Akanitazama, akawatazama mbuzi, akaingia bomani. Akalala kando ya yule mdogo, akaweka kidevu chini, akashusha pumzi kama mtu aliyefika kwake.

Fideli naye aliona mbuzi barabarani, hawana kamba. Mwanangu, sijui nikuelezeje furaha ya mbwa yule. Aliruka ua, akaenda nyuma ya mbuzi wetu, huku na huku, wakajikusanya, wakaanza kwenda kama maji kwenye mfereji.

Baba akatokea na fimbo yake. Baba Melaniya akatoka na jembe begani. Wakatazama mbwa, halafu wakatazamana. Mimi na Melaniya tukashikana mikono.

Baba akasema, "Naona mbwa wako iko na haraka leo."

Baba Melaniya akatazama bomani. "Na wako amechoka. Acha apumzike kidogo hapa."

"Kidogo."

"Ego, ndiyo, kidogo tu."

Kidogo ile ilichukua miaka, mpaka mbwa wote wawili wakazeeka, kila mmoja pale alipojipeleka. Siku ile mbuzi waliuzwa mapema, Mzee Saidi akawapapasa migongo mpaka akaridhika. Idi tuliila vizuri, na nyama ikapelekwa kwa Baba Melaniya. Kondoo wake hakuna mtu aliyewagusa tena. Na Bibi Mwajuma, kila asubuhi mpaka mwisho, alipeleka chungu cha Baroni uani kwa jirani, akasimama kwa mbali, akamuuliza ameamkaje.

Nilipomaliza, Rehema alikuwa anacheka sasa, anafuta macho. Nikamwambia basi na wewe niambie. Puli hawezi kuacha nini? Akasema kukusanya. Komondori je? Kulinda. Nikamwambia vizuri, sasa nitajie walioko zizini, niwasalimie.

Akanitajia. Kibibi, Malkia, Mama Fujo, Ministiri.

"Na Sukari?"

Kicheko kikaisha. Akaanza kukunja pindo la kanga, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi nilikuwa nimegundua kwenye simu, siku za karibuni, kwamba jina hilo halitajwi. Nilisubiri aseme mwenyewe. Mtu akiruka jina, mwanangu, usimkimbilie, lakini usilisahau.

Akaniambia. Sukari aliibiwa mchana kweupe, Issa yuko Gashoho. Waliingia wanaume, wakafungua zizi taratibu kama ni lao. Rehema alikuwa ndani na mtoto. Aliwaona kwenye ufa wa dirisha, akamweka mtoto kifuani ili asilie, akakaa chini ya dirisha mpaka walipoondoka. Issa aliporudi, alimwambia Sukari amekata kamba akapotea.

Nikamuuliza kwa nini.

"Bibi, akijua ataacha njia ya mbuzi wa soko. Na njia ndiyo chakula yetu. Mi nikaona heri ninyamaze, mbwa mkubwa akija itakwisha."

Nikamwambia, "Mwanangu, Issa anachagua mbwa wa nyumba ambayo haiogopi, kwa sababu ndiyo nyumba uliyomwonyesha. Wewe unachagua mbwa wa nyumba nyingine. Mtapatana vipi? Mwambie kwanza nyumba ilivyo."

Akatoka uani na simu. Sikusikia maneno, na sikutaka kusikia. Mtoto wake alibaki na mimi anatafuna kofia ya watu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini mabega yalikuwa yameshuka.

"Ameniuliza neno moja tu, Bibi. Kwa nini nilibeba peke yangu."

"Ukamjibu nini?"

"Nililia tu. Akasema tumwambie Mjomba alete mkubwa. Mbuzi wa soko ataswaga na fimbo, kama babu zake. Na kwa sababu mtoto wa mbwa bado hawezi kulinda kitu, dada yake Mariamu atakuja kukaa na mimi siku anazokuwa njiani."

Nikampenda Issa siku ile kuliko siku ya harusi, na siku ya harusi alikuwa amependeza.

Sasa Haruna yuko njiani kuja, na mimi nimeshamwagiza Rehema la kufanya, nawe usikie. Mbwa yule akifika, asiingie chumbani hata kama analia na ana uso wa kutia huruma. Apelekwe zizini kwa Kibibi na Malkia siku hiyohiyo, akue anajua kwamba wale ndio watu wake. Awe na chombo chake. Mteja akija, Rehema mwenyewe amtoe mbuzi nje ya zizi, apapaswe mgongo upande wa pili wa ua, asije akamlaumu mbwa kwa kufanya kazi aliyoletwa kuifanya. Na kila asubuhi asimame pa kusimama, amuulize ameamkaje.

Hayo ni ya Rehema. Ya kwako ni haya, mwanangu, uwe unachagua mbwa, au mke, au mume, au kazi ya kukulisha. Usiulize tu anaweza nini, maana kila mtu sokoni atakuonyesha anachoweza, na utapiga makofi kama sisi tulivyopiga. Uliza hawezi kuacha nini. Hicho ndicho utakachoishi nacho. Halafu, kabla hujachagua na mwenzako, mwonyeshe nyumba yenu ilivyo kweli, na ufa wa dirisha na woga uliokaa chini yake. Ukimficha, atachagua vizuri kabisa, lakini atakuwa amechagulia nyumba isiyo yenu. Na ukishakosea, usingoje mwenzako atangulie kusema. Mbwa wakikupa njia ya kurekebisha bila aibu, ishike, useme ni kidogo tu, na umshukuru Mungu moyoni.

Mwenyezi Mungu akupe wa kukulinda asiyechoka, na wa kukukusanya unapotawanyika. Akupe kinywa cha kusema naogopa wakati bado kuna wa kusikia. Na jina lako, mwanangu, popote uendapo, liwepo kwa mtu mmoja ambaye likirukwa atauliza yuko wapi. Amina.